Zamboanga na Fahari ya Walio Mbali

Mtu wa pwani yetu akifika Zamboanga, katika ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Mindanao nchini Ufilipino, hajihisi mgeni sana. Baharini huenda vinta, vyombo vya tanga la rangi nyingi vyenye matengo ubavuni mfano wa ngalawa zetu. Katika kijiji cha Taluksangay umesimama msikiti uliojengwa mwaka 1885, kando ya maji. Wengi wa wakazi wa mji ni Wakristo, lakini Waislamu ni wenyeji wa tangu na tangu.

Wote hao huungana katika jambo moja: Mfilipino akishinda ugenini, kila nyumba imeshinda. Manny Pacquiao, bingwa wa ndondi aliyetwaa mataji ya dunia katika madaraja 8 ya uzani, alipopigana Marekani Jumamosi usiku, kwao ilikuwa Jumapili asubuhi, na barabara zilibaki tupu.

Zamboanga yenyewe ilimzaa Hidilyn Diaz, binti wa dereva wa pikipiki ya abiria yenye kigari ubavuni. Utotoni alibeba maji kuyapeleka nyumbani. Ugonjwa wa korona ulipomkwamisha Malaysia, alifanya mazoezi kwa kunyanyua mti uliofungwa vyombo vya maji. Tarehe 26 Julai 2021, mjini Tokyo, alinyanyua jumla ya kilo 224 na kuipatia nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, baada ya kungoja tangu mwaka 1924.

Hata hivyo, mabingwa wengi wa Ufilipino hawapandi jukwaani. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino aliwaita wafanyakazi walioko ng'ambo "mashujaa wapya". Hao ni wauguzi, mabaharia, na wanawake wanaolea watoto wa wenyewe huko Ghuba, huku wao wakilelewa watoto na bibi zao. Hutuma fedha, na hutuma sanduku kubwa la kadibodi lililojaa sabuni, viatu na peremende. Siku ya kulifungua huwa kama sikukuu. Ila mtoto hupata viatu vilivyokwisha kumbana, kwa kuwa mama alikisia mguu asiouona miaka miwili.

Akina mama wenzangu, hadithi hii si ya mbali. Nasi tuna mabinti huko huko Ghuba, pengine jikoni pamoja na hao Wafilipino. Mmoja akirudi na mali, twamsifu; mwingine akirudi mikono mitupu, twanong'ona. Fahari ya kweli haingoji medali wala sanduku. Binti yako akipiga simu juma hili, usianze na karo wala mabati. Muulize kwanza amelala vipi, amekula nini, na nani humfanyia wema. Kisha mwambie kwamba twajivunia yeye mwenyewe, na kwamba mlango wa kwao u wazi.