Nyota, simu, na moto nilioupiga picha bila kuujua

Safari hii siandiki juu ya viwavijeshi wala bei ya choroko. Wengi mmenipigia kuuliza ile picha ya nyota niliyoiweka kwenye kundi letu la WhatsApp mwezi wa saba niliipigaje. Wachache mmeuliza, tena kwa sauti ya chini, ilikuwaje ikaleta kesi. Nitajibu yote mawili, maana la kwanza haliwezi kuelezwa likaachwa la pili.

Nilianza kupiga picha usiku kwa sababu ya Kilimia. Mzee mmoja huku Kishapu aliniambia, "Bwana shamba, ninyi mna karatasi za hali ya hewa, sisi tulikuwa na Kilimia." Ni lile fungu dogo la nyota lililosongamana kama vifaranga, na jina lake linatokana na kulima. Katikati ya Novemba huchomoza mashariki giza likiingia tu, na huku kwetu huo ndio wakati wa kutega sikio kusikia mvua za kwanza. Mwezi wa tano huzama magharibi pamoja na jua, likapotea kwa wiki kadhaa, kisha mwezi wa sita ukiamka alfajiri unalikuta mashariki. Nilimwambia mzee kwamba Kilimia ni kalenda nzuri sana lakini hakileti mvua. Kitachomoza Novemba hata mwaka wa ukame, kwa hiyo taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa tuendelee kuzisikiliza. Akacheka. Akasema hata kalenda ya ukutani hailetei mtu mshahara, ila ukiwa nayo unajua lini uudai.

Basi nikataka kumpigia Kilimia chake picha. Picha ya kwanza ilitoka nyeusi kama sufuria ya msibani.

Nilichojifunza ni hiki. Chagua usiku usio na mwezi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, mawingu yakiwa machache. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa safi, kwa kuwa vumbi letu la kiangazi na mafuta ya vidole vinatosha kuharibu kila kitu. Zima mwanga wa kamera, huo haufiki kwenye nyota, utamulika nzi tu. Kama simu yako ina sehemu iliyoandikwa Pro, ingia humo, weka ISO kati ya 1600 na 3200, lenzi ikae wazi sekunde 15 hadi 20, na umbali uweke kwenye alama ya mlima. Ukizidisha sekunde, nyota zinaacha mkia, kwa sababu dunia inazunguka. Simu isishikwe kwa mkono. Mimi sina stendi ya miguu mitatu. Natumia mfuko wa kilo mbili uliojaa mchanga, naichimbia simu humo, naweka isubiri sekunde chache baada ya kubonyeza ili kidole changu kisiitikise. Kama simu haina Pro lakini ina sehemu ya usiku, tumia hiyo, nayo si haba.

Halafu usiende peke yako. Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu wa zamu, maana mtu aliyechuchumaa juu ya mawe saa nne usiku akiwa na kitu kinachomulika hana maelezo marefu ya kutoa. Na usisogelee uzio wa mgodi na kamera yako. Mgodi wa Mwadui una ulinzi wake, na taa zake zinafifisha nyota hata hivyo. Mimi hukaa kusini ya mgodi, nikaupa mgongo, na kamera naielekeza kusini zaidi. Mwezi wa saba, inapokaribia saa tano usiku, ile njia nyeupe ya nyota inasimama juu kabisa, na sehemu yake nene iko upande huo huo wa kusini. Simu ikiwa wima unapata nyota na ardhi pamoja.

Ardhi ndiyo iliyoniponza.

Lile jiwe ninalopanda linatazama ngitili ya kijiji. Vijana wanaosoma hapa huenda hawajui nchi hii ilikuwaje. Miti ilikatwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kwa ajili ya pamba, kwa ajili ya kuni na mifugo, hadi watu wakaanza kuiita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na mimi naona akili kubwa ya mradi ule ilikuwa kutoleta kitu kigeni. Walirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili majani yasimame, mifugo ifunguliwe kiangazi kikishika. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Mradi uliisha 2004, lakini ngitili zilibaki mikononi mwa wenyewe, na kijiji kinacholinda yake hakipendi utani juu yake. Hiki cha kwetu kimeandika sheria ndogo: ukichoma mkaa ndani, unalipa.

Usiku ule nilifurahi mno. Nyota zilitoka kama unga uliomwagika. Kabla hata sijashuka kwenye jiwe nikairusha picha kwenye kundi. Sikuitazama chini.

Mfugaji mmoja aliitazama chini. Saa kumi na mbili asubuhi akaandika, "Bwana shamba, huo moto ndani ya ngitili ni wa nani?"

Nikaikuza picha. Kweli, pembeni ya ule mbuyu mkubwa kulikuwa na doa jekundu, na juu yake moshi mwembamba. Kwa macho sikuwa nimeuona. Lenzi iliyokaa wazi sekunde 20 inakusanya mwanga mwingi kuliko jicho. Hadi saa tatu asubuhi kundi lilikuwa limeshatoa hukumu. Karibu na mbuyu ule anaishi kijana ambaye miaka miwili nyuma aliwahi kukutwa na gunia la mkaa. Jioni akaitwa mbele ya kamati ya mazingira, na wapo waliotaja ng'ombe. Mama yake alisimama akauliza, "Nani amemwona?" Mtu akajibu, "Picha ya bwana shamba imemwona."

Niwaambie ukweli, nilikaa kimya. Nilikuwa na shaka tayari, kwa sababu mbuyu kwenye picha ulionekana mdogo kuliko nilivyouzoea, lakini nilijiambia kamati inajua kazi yake. Ni mwenyekiti aliyeniokoa, si akili yangu. Alisema hakuna faini kabla watu hawajaenda kuona majivu.

Kesho yake asubuhi nilipanda lile jiwe mapema, nikaiweka simu palepale kwenye mfuko wa mchanga, nikapiga picha ya mchana. Nikazilinganisha: mstari wa vilima, mbuyu, korongo. Usiku umbali haupo. Kitu cha karibu na cha mbali vinakaa kwenye ukuta mmoja. Mchana ndipo niliona kwamba nyuma ya mbuyu, ng'ambo ya korongo, kuna uwazi, na doa langu lilikuwa huko. Tukatembea mwendo wa karibu saa nzima. Tukakuta tanuri la tofali, la mtu wa kijiji jirani, kwenye shamba lake mwenyewe, bado lina joto, limechomwa kwa pumba za mpunga na magogo kadhaa. (Magogo hayo alikoyatoa ni habari nyingine, nayo sikuipenda.) Ndani ya ngitili hapakuwa na jivu hata kiganja kimoja.

Tangu tope la bwawa la mgodi lilipofunika mashamba na makazi ya watu tarehe 7 Novemba 2022, nimekuwa nikiwahimiza mpige picha mashamba yenu kila msimu, ili siku ya maafa mwe na cha kuonyesha. Bado nawahimiza. Ila sasa naongeza. Piga kutoka sehemu mbili zinazotazamana, siyo moja. Weka ndani ya picha kitu kisichohama: mti mkubwa, jiwe, kona ya nyumba. Rudi mahali palepale mwakani. Washa mahali kwenye kamera ili picha ibebe alama ya eneo, na picha ya asili usiifute; ukiituma kwa WhatsApp itume kama faili, kwa sababu ukiituma kama picha inapungua ubora na kupoteza taarifa zake za tarehe na mahali. Wafanyabiashara mnaonunua dengu na choroko ikiwa bado shambani, hili linawahusu pia. Nimeshaona picha moja ya shamba zuri ikiuzwa kwa watu watatu.

Kwenye kundi niliomba radhi, na kwenye mkutano nikaomba tena kwa mdomo. Kamati ilimfutia kijana jina lake palepale. Waliomtaja ng'ombe hawakusema neno.

Wiki iliyofuata nilipita nyumbani kwao, nikabisha hodi. Nikasema, "Mwangaluka, mayu." Alinijibu vizuri tu, akanipa kiti. Kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa mbegu ya choroko niliyompa msimu uliopita kwa ajili ya shamba la mfano. Hakuufungua kamwe. Akauweka miguuni pangu, akasema mwaka huu watapanda mbegu yao ya zamani.

Kijana alikuwa nyuma ya zizi akitengeneza baiskeli. Hakugeuka. Mfuko uko ofisini kwangu, juu ya kabati, na Novemba si mbali.