Wazee Wapelekwao Nchi ya Mbali

Mwaka 2017 alitujia mgeni kutoka Ujerumani, mmoja wa watu wa usharika ulio na urafiki na usharika wetu hapa Korogwe. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mpima ardhi kwa kazi yake, naye alikaa nyumbani mwetu siku nne. Jioni ya tatu, tulipokwisha kula, mwenzetu wa nyumbani alimwuliza habari za wazazi wake, kama ilivyo desturi yetu. Akajibu ya kuwa baba yake amekwisha kufariki, na mama yake yu hai, walakini hayuko Ujerumani. Yuko Chiang Mai, katika nchi ya Thailand. Tukamwuliza, "Je, ana ndugu huko?" Akasema, "Hana." Tukamwuliza tena, "Basi alifuata nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hakufuata kitu. Mimi nilimpeleka. Mama ana miaka 81, wala hajui kuwa yuko Thailand."

Akatuonyesha picha. Bibi mwembamba wa Kizungu, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, ameketi chini ya mwembe, na kando yake mwanamke kijana wa Kithai amemshika mkono. Tuliutazama ule mwembe kwa muda mrefu kuliko tulivyomtazama yule bibi, maana ulifanana na mwembe wetu wa uani, nasi hatukujua la kusema.

Mbele ya mgeni hatukutamka neno. Lakini alipokwisha kuondoka tuliketi barazani na waalimu wenzetu wawili, tukamhukumu. Mmoja alisema kuwa Wazungu wana fedha za kulisha paka, wala hawana nafasi ya kumlisha mama. Mwingine alisema kuwa hata sisi maskini hatujatupa mzee ng'ambo ya bahari. Na sisi tunaoandika haya ndio tuliosema neno kali kuliko wote: tulisema kuwa mtu huyu amemzika mama yake kabla hajafa, tena amemzika mbali ili asilione kaburi. Neno lile lilipendwa sana. Waalimu tuna ugonjwa wetu. Tukipata neno zuri twalisema kwanza, ndipo twauliza kama ni la kweli.

Yafaa tueleze jambo lenyewe, kama tulivyokuja kulifahamu baadaye. Kuna maradhi ya uzeeni ambayo waganga wa hospitali huyaita dimensia. Si ule usahaulifu wa kila mzee, wa kusahau alikoiweka fimbo yake. Huu ni ubongo wenyewe kuharibika kidogo kidogo, hata mtu asahau fimbo ni kitu gani. Ziko namna nyingi, na iliyo kubwa yaitwa kwa jina la Alois Alzheimer, mganga Mjerumani, ambaye mwaka 1901 huko Frankfurt alimpokea mgonjwa mmoja, mwanamke wa miaka 51 tu. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona jinsi ulivyoharibika. Basi ni ugonjwa, si laana, wala si uchawi. Dawa ya kuuponya haijapatikana hata leo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa mwaka 2021 watu wenye dimensia walikuwa milioni 57, na walio wengi katika hao hawakai katika nchi za matajiri, bali katika nchi zilizo kama yetu.

Huko Ujerumani wazee ni wengi na vijana ni wachache. Tangu mwaka 1995 iko bima ya lazima ya kuwatunza wasiojiweza, walakini bima ile hailipi yote. Mwaka 2024, kwa wastani, mzee aliyekaa katika nyumba ya kutunzia wazee alitakiwa kutoa mwenyewe zaidi ya Euro 2,500 kila mwezi. Akiishiwa, serikali humsaidia. Na zamani watoto nao walidaiwa, hata sheria ilipobadilishwa mwaka 2020, ikawa hadaiwi ila mtoto apataye zaidi ya Euro 100,000 kwa mwaka. Tena katika nyumba zile mtumishi mmoja huwa na wazee wengi wa kuwaangalia, hasa usiku.

Kwa sababu hizo wako watoto waliotafuta mahali pengine. Wengine huwapeleka wazee wao Poland, au Czech, au Slovakia. Milima ya Poland iliyo karibu na mpaka ilikuwa nchi ya Ujerumani mpaka mwaka 1945, na Wajerumani wake wakaondoshwa baada ya vita; hivyo mzee aliyezaliwa huko, akatolewa angali mtoto, aweza kurudishwa leo kwenye milima yake asijue kuwa amerudi. Na wengine huenda mbali zaidi. Mswisi mmoja, Martin Woodtli, aliyekuwa amefanya kazi Chiang Mai pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka, alimhamishia huko mama yake mwenye ugonjwa huu, kisha mwaka 2003 akafungua mahali pa kuwapokea wengine, paitwapo Baan Kamlangchay. Si jumba moja kubwa. Wazee hukaa katika nyumba za kawaida kijijini, na kila mmoja ana watunzaji wake watatu wanaopokezana usiku na mchana, hata hapana saa anayokuwa peke yake. Gharama yake ni pungufu kuliko ya Uswisi. Bima ya Ujerumani haimfuati mzee hata Thailand. Ndani ya Umoja wa Ulaya humfuata kwa sehemu tu. Wala tusidhani kuwa Wajerumani wote walilipenda jambo hili. Wako miongoni mwao waliolikemea kwa maneno makali kama yetu ya barazani.

Haya yote hatukuyajua siku ile. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi tuliupima mzigo wa mgeni wetu kwa macho, tukauona mwepesi.

Mama yetu mzazi alikuwa akikaa Usambara, juu ya Lushoto, katika nyumba aliyojengewa na marehemu baba. Mwaka 2018 tulianza kusikia habari zake kwa majirani. Alimlipa mwenye duka mara tatu kwa chumvi ile ile. Alibandika maharagwe motoni bila maji, chungu kikapasuka. Alimfukuza mpwa wake kwa ufagio, akidhani ni mwizi wa kuku. Ndugu zetu wako Dar es Salaam na Mwanza. Tukashauriana kwa simu, ikaonekana ya kuwa sisi tulio karibu tumchukue. Mwaka 2019 tukamteremsha kwa basi mpaka Korogwe. Tulijiona watoto wema sana siku ile, tukiwa tumempakata bibi wa watu mkungu wake wa ndizi magotini.

Kutoka kwake hata kwetu ni mwendo wa saa chache tu. Lakini kwake kuna baridi na ukungu, na njia zote hupanda au kushuka. Kwetu ni joto, na tambarare, na mashamba ya mkonge. Asubuhi ya kwanza alitoka nje akatazama upande wa mlima usiokuwapo, akauliza tutakwenda nyumbani saa ngapi. Aliuliza hivyo kila siku. Kisha Kiswahili, ambacho alijifunza ukubwani, kikaanza kumtoka, akabaki na Kisambaa peke yake. Waganga wasema si ajabu. Mara nyingi lugha ya utotoni ndiyo ikaayo mwisho. Na watoto wetu, kwa kosa letu wala si lao, hawajui Kisambaa. Basi bibi akawa anaomba maji, na wajukuu wanamletea kanga.

Usiku alikuwa halali. Usiku mmoja, yapata saa nane, tuliamshwa na makelele. Alikuwa amefungua mlango mwenyewe, akaenda hata mlangoni pa jirani, bila viatu, kichwa wazi, akimwita dada yake aliyekufa zamani. Watoto wa jirani walipiga yowe. Kulipokucha lile neno lilikuwa limekwisha fika bombani: mchawi. Kila asomaye gazeti hili ajua neno lile laweza kumfikisha wapi mwanamke mzee. Huko Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule ni wa moshi wa jikoni.

Ndipo tuliponunua kufuli.

Kwanza ilikuwa ya usiku tu. Kisha, kwa kuwa sisi tulikuwa shuleni na mwenzetu wa nyumbani alikuwa shambani, ikawa ya mchana pia. Saa moja asubuhi twafunga, saa tisa twafungua. Tulimwachia uji, na maji, na ndoo. Tulijiambia ya kuwa ni kwa usalama wake, na neno hilo lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilituchukua muda mrefu kulitilia shaka. Siku moja tulipofungua tulimkuta ameketi chini nyuma ya mlango. Kucha zake zilikuwa na damu, na ubao wa mlango ulikuwa na mikwaruzo mahali ufikapo mkono wa mtu aliyeketi. Hakulia. Alituamkia kwa adabu, kama mtu anayemwamkia mwenye nyumba asiyemjua, akatusihi kwa Kisambaa tumpe ruhusa arudi kwao, maana mama yake anamngoja.

Tulikaa naye pale chini. Ndipo lilipotujia lile neno letu zuri la barazani, la kumzika mtu kabla hajafa. Sisi nasi tulikuwa tumempeleka mama yetu ugenini, kwa watu wasioijua lugha yake. Thailand yetu ilikuwa Korogwe. Na yule bibi wa pichani alikuwa na mtu amemshika mkono.

Hatusemi kwamba mgeni wetu alifanya vema kabisa, wala yeye hakusema. Tulimwandikia, tukamweleza habari ya kufuli, tukamwomba radhi kwa maneno ambayo hakuyasikia. Alijibu kwa ujumbe mrefu kwenye simu. Alisema kwamba alijaribu miaka mitatu kumtunza mamaye nyumbani, hata akaachishwa kazi. Kwamba humwendea mara moja kwa mwaka, majuma mawili. Kwamba mama hamjui tena, na hilo alikwisha kulizoea. Asiloweza kulizoea ni hili: akimkaribia, mama huogopa, humkimbilia yule mtunzaji wake, kama mtoto akimbiliavyo kanga ya mamaye. "Nafurahi kwamba ana mtu wa kumkimbilia," aliandika, "kisha narudi hotelini siwezi kula."

Liko na jambo jingine, nalo hatulioni likitajwa sana. Mwaka 2019 Mbelgiji mmoja, Kristof Bilsen, alitoa sinema iitwayo Mother, inayoonyesha maisha ya mtunzaji mmoja wa Kithai huko huko Chiang Mai. Mwanamke yule huwatunza mama za watu wa Ulaya, na watoto wake mwenyewe wako mbali naye. Mikono ile iliyomshika bibi wa pichani ilikuwa imeacha kushika kitu kingine mahali fulani.

Mwaka 2021 tulimpandisha mama yetu tena Usambara. Sisi ndugu watatu tunachanga fedha kila mwezi, na kwa fedha hizo amekaa naye mwanamke kijana wa kijiji cha pili, mwenye kusema Kisambaa cha kwao kwa kwao, mwenye mkono mwepesi na kicheko kikubwa. Ugonjwa haukurudi nyuma hata kidogo. Lakini mlango hauna kufuli. Mama hutoka, akapita njia ambazo miguu yake yazijua hata kama yeye hazijui, na akipotea, kila mwenye shamba amjua ni nani, humrudisha. Usiku hulala, siku nyingine. Mtunzaji wake ana mtoto wa kiume wa miaka minne, ambaye kwa miezi mingi alimwacha kwa bibi yake huko chini, kwa sababu sisi tulipomwajiri tulimwuliza kama anajua kupika, na kama ana subira, wala hatukumwuliza kama ana mtoto. Siku hizi tumekubaliana kwamba amlete. Twaona haya kwamba jambo hilo alilisema yeye, si sisi.

Likizo ya Desemba iliyopita tulipanda kwenda kumwona. Mama alikuwa ameketi uani, juani, amefunikwa shuka. Alitutazama sana, akamwambia yule mtunzaji amletee mgeni kiti, na makande kama yamebaki, maana ametoka mbali. Akatuuliza tu watoto wa nani. Tukamtajia jina la baba. Akasema, "Nilimjua. Alikuwa mtu mwema." Kisha yule mtoto alipita mbio nyuma ya kuku, na mama akamwita kwa sauti ya zamani, ile ya kuita mtu kutoka upande wa pili wa bonde, akamwita kwa jina letu la utotoni. Mtoto akaitika, akaja, akakaa magotini pake. Alikuwa amekwisha kulizoea jina lile.