"Wengine Tulirudi kwa Waraka": Stori ya Bingwa wa Mbio kutoka Jibondo

Mwishoni mwa Machi 2025 kuna klipu ilizunguka kila kona ya mitandao. Dada wa Kimarekani anateleza kwenye barafu, gauni linameta, anaruka, anazunguka hewani, anatua, na muda wote uso wake ni kicheko tu. Anaitwa Alysa Liu. Kilichobamba zaidi ni stori yenyewe. Alikuwa bingwa wa Marekani akiwa na miaka 13. Akaenda Olimpiki ya Beijing 2022, na Aprili mwaka huohuo akaandika Instagram kwamba basi, ameacha. Alikuwa na miaka 16. Akakaa pembeni karibu miaka miwili, akasafiri, akaingia chuo, akaishi kama vijana wengine. 2024 akarudi mazoezini kwa masharti yake mwenyewe. Machi 2025, mjini Boston, akawa bingwa wa dunia.

Klipu ikafika hadi Jibondo, kile kisiwa kidogo kilichopo pembeni ya kisiwa kikubwa cha Mafia. Barafu wanayoijua watu wa huko ni ya kuhifadhia samaki. Zilikuwa siku za Idd, na dada mmoja wa miaka 23 alikuwa amerudi nyumbani likizo, amekaa barazani, mwanawe kamlalia begani. Akaiangalia klipu mara tatu. Halafu akacheka, akasema:

"Huyu karudi kwa raha zake. Wengine tulirudi kwa waraka."

Kwa asiyejua yaliyompata, huo ni utani tu.

Mwaka 2019 dada huyu hakuwa mtu wa kawaida. Alianza darasa la kwanza amechelewa, kwa hiyo sekondari aliingia akiwa mkubwa na mrefu kuliko wenzake, miguu kama ya korongo. Alikuwa akiishi kwa mama yake mdogo, kisiwa kikubwa, ili awe karibu na shule. Kwenye UMISSETA ngazi ya wilaya akaingia mita 1500, akaongoza toka mwanzo mpaka kwenye utepe, na aliyemfuata alikuwa mbali hata pumzi zake hazikusikika. Kuanzia siku hiyo jina la kuzaliwa likawekwa kabatini. Ukifika Jibondo unamuulizia Bingwa, unapelekwa hadi mlangoni.

Mwalimu wa michezo alikuwa akimfananisha na Filbert Bayi, Mtanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Bayi naye alikimbia hivyohivyo: mbele mwanzo mwisho, anayetaka aje. Ila stori ya Bayi ina kipande cha pili ambacho Bingwa hakukitilia maanani wakati ule. 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal, na Bayi akabaki nje akiwa bado wa moto. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kupumzika. Akasubiri miaka minne, akarudi Moscow 1980 kwa mbio nyingine kabisa, mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akaondoka na medali ya fedha.

Februari 2020, mwanzoni mwa kidato cha tatu, Bingwa akiwa na miaka 18, ikajulikana kwamba ni mjamzito. Mambo ya wakati ule yalikuwa wazi: mwanafunzi akipata ujauzito, shule basi. Juni 2017 Rais Magufuli alishalisema hadharani akiwa Chalinze, mkoa huohuo wa Pwani. Kwa hiyo hakukuwa na kikao kirefu. Akakusanya madaftari, akapanda chombo Utende, akarudi kwao. Baba wa mtoto alikuwa Kilindoni, kisha akawa Dar, kisha akawa namba haipatikani.

Mwezi mmoja baadaye ikaja corona, shule zote nchini zikafungwa. Bingwa anasema hizo ndizo wiki pekee alizopata amani, maana kila mtu alikuwa nyumbani. Juni shule zikafunguliwa. Akasimama pwani akawaangalia wenzake wakivuka na mabegi, tumbo likiwa la miezi saba.

Agosti akajifungua mtoto wa kike. Na ubingwa ukaishia hapo. Si kwamba mtu alitangaza, ila jina lilibadilika. Sasa alikuwa Mama Fulani. Kwenye foleni ya maji kulikuwa na wanaosema kwa sauti ya kusikika: "Mbio zote zile, zimemfikisha hapa."

Mama yake mzazi hakusema neno. Mama huyu analima mwani. Anafunga kamba kwenye vigingi, anasubiri, anavuna, anaanika, anauza. Alimpokea binti, akampokea mjukuu, ila akaweka sharti moja: "Mie nishalea wangu. Wako utamlea mwenyewe."

Agosti 2021, mtoto ndiyo ametimiza mwaka, binamu mmoja akamtumia Bingwa klipu ya fainali ya mita 1500 wanawake, Olimpiki ya Tokyo. Faith Kipyegon wa Kenya anaachia mwendo mzunguko wa mwisho, anaondoka na dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 53.11, rekodi ya Olimpiki. Chini ya klipu mtu ameandika: huyu ana mtoto, alijifungua Juni 2018. Bingwa akarudia kusoma. Akaanza kutafuta. Akakuta kwamba Kipyegon alikuwa na dhahabu ya Rio 2016 kabla hajazaa, akakaa nje, 2019 akarudi na kuchukua fedha kwenye mashindano ya dunia ya Doha, na sasa hii.

Swali alilomuuliza binamu halikuwa la muda wala la viatu. Aliandika hivi: "Mtoto kamwacha na nani?"

Binamu hakuwa na jibu, akatuma emoji. Lakini swali lilikuwa la maana kuliko klipu yenyewe. Kipyegon ana mume, Timothy Kitum, naye mwanariadha, aliyepata shaba ya mita 800 Olimpiki ya London 2012. Kwenye nyumba ile hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mama mtu anatoka alfajiri kwenda kukimbia. Jibondo ilibidi kueleza. Na Bingwa hakueleza, alianza tu.

Jibondo ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Ukikimbia ndani unajikata, ukikimbia kijijini unachekwa. Mahali pazuri ni ufukweni maji yakitoka, kwenye mchanga mgumu unaobaki nyuma. Kwa hiyo ratiba ya mazoezi aliipanga mwezi. Siku za bamvua bahari inarudi mbali, kunakuwa na kiwanja kizima. Maji hukawia kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya mazoezi inahama nayo. Siku za maji mafu mchanga ni kidogo, anapumzika. Kuna makocha wanalipwa hela nyingi kupanga wiki ya kazi na wiki ya mapumziko. Kwake bahari ilipanga bure.

Tatizo ni kwamba siku za bamvua maji hutoka vizuri mnamo saa nne asubuhi, jua limeshawaka, na ndiyo saa hiyohiyo wanawake wako kwenye mwani. Kila mtu anakuona. Alikimbia na dera, raba za kuazima miguuni, kutoka kwenye jahazi lililopandishwa kutengenezwa mpaka vigingi vya mwani vya mwisho, anageuka. Mtoto akiwa amelala kwenye kanga chini ya kivuli cha jahazi hilo.

Siku ya kwanza alikimbia mara mbili, ya tatu akatapika.

Halafu kulikuwa na suala la maji. Maji baridi Jibondo yalikuwa ya kuhesabu: ya mvua, au ya kuvushwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Mtu akitoka jasho ataoga, na kuoga ni nusu dumu. Mama yake ndiye aliyeliona hilo kwanza. Jioni moja akamwambia, "Hizo mbio zako zinakunywa maji kuliko mtoto." Kuanzia hapo Bingwa akawa anaoga baharini kwanza, anajisuuza kwa kopo moja.

Aliyemvusha kipindi kile ni fundi wa lile jahazi, mzee ambaye hakuwahi kutazama riadha maishani. Alikuwa anatia kalafati, anagonga pamba kwenye nafasi za mbao, anamwona binti anakwenda na kurudi. Siku moja Bingwa akaanguka kivulini, anahema, analia kabisa, anasema mwili wake umekufa. Mzee hakuacha kugonga. Akamwambia:

"Chombo kikikaa pwani sana, mbao zinakauka, zinaachana. Siku ya kukishua kitavuja tu, hata fundi awe nani. Watu wanafua maji, wanangoja. Mbao zikinywa maji zinavimba, zinabanana. Asiyejua anadhani kimeoza."

Hakuongeza neno. Kesho yake alikuja na simu, akawa anampigia muda.

Novemba 2021 ndiyo ikaja habari. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na waraka ukatoka. Mitandaoni watu walibishana wiki nzima, wengine wanashangilia, wengine wanasema maadili yameisha. Jibondo hakukuwa na mjadala mkubwa. Kulikuwa na nyumba moja tu iliyokuwa na kazi ya kufanya hesabu.

Kurudi shule maana yake ni kuishi tena kisiwa kikubwa kwa mama mdogo. Mtoto wa mwaka na miezi kadhaa atakaa na nani? Bingwa alizunguka siku tatu hajathubutu kuuliza. Siku ya nne alimkuta mama yake anakata kanga ya zamani vipande viwili, anajaribu kumfunga mjukuu mgongoni uone kama ataweza kuinama naye kwenye kamba za mwani. Akageuka akasema, "Huyu mzito. Wewe hukuwa mzito hivi." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Januari 2022 akavaa sare tena, kidato cha tatu, miaka 20 kasoro kidogo. Wanafunzi wakampa jina siku ya kwanza: Mama. Si kwa heshima. Mei wakaingia kwenye mchujo wa UMISSETA, uwanjani Kilindoni, mita 1500. Nje ya kamba vijana wakaimba, "Kimbia mama, mtoto analia!" Na watu wakacheka, kusema kweli ilichekesha.

Akaanza kama zamani, mbele, anayetaka aje. Wakaja. Mzunguko wa kwanza haujaisha wasichana wanne wameshampita, mmoja wao wa kidato cha kwanza. Bingwa wa 2019 angechanganyikiwa hapo, maana hakuwahi kuona migongo ya watu. Huyu wa 2022 aliwaacha waende. Alikuwa ameshazoea kuvuja. Mzunguko wa tatu miguu ikakubali, akampita mmoja, akampita wa pili, kwenye kona ya mwisho wa tatu. Yule wa kidato cha kwanza hakumpata. Akamaliza wa pili.

Wawili wa kwanza walikuwa wanakwenda Kibaha, mashindano ya mkoa, wiki nzima, boti mpaka Nyamisati halafu basi. Mwisho wa wiki akavuka Jibondo kumweleza mama yake, akiwa tayari kusema kwamba ataacha nafasi.

"Siku ngapi?"

"Saba."

Mama akatazama nje, akahesabu kwa vidole. "Bamvua lipo katikati." Maana yake zile ndizo siku za kuvuna, na mtoto alikuwa ameshaanza kutembea, hakai mgongoni wala hakai kivulini. Akanyamaza kidogo. "Basi mwani utaningoja."

Kibaha alikuwa wa tano. Hakuchaguliwa timu ya mkoa. Hakuna aliyempokea kwa ngoma. 2023 akamaliza kidato cha nne, na leo yuko chuo cha ualimu bara. Likizo akiwa nyumbani, maji yakitoka, utaona wasichana sita au saba wanamfuata ufukweni, na kuna mzee kwenye kivuli ana simu mkononi.

Ndiyo maana alicheka alipoiona ile klipu. Si kwa wivu. Aliipenda, akaituma kwenye magrupu yote. Ila alijua kuna kupumzika kwa kuchagua, mtu anaondoka mlango ukiwa wazi, na kuna kupumzishwa, mlango unafungwa na mtu mwingine na ufunguo anao yeye. Na hata waraka ukifungua mlango, bado lazima awepo wa kumshika mtoto.

Binti yake, miaka minne na nusu sasa, akainua kichwa begani, akaitazama simu.

"Mama, mbona yuko peke yake? Anashindana na nani?"

"Wenzake wanacheza kwa zamu. Wanapewa alama."

"Kashinda?"

"Kashinda."

Mtoto akafikiri kidogo, akalaza tena kichwa.

"Basi arudi kwao."