Mungu Amemwambia Nini Mke Wako?



Ilikuwa katikati ya majira ya mvua, siku ambazo barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare haipitiki ila kwa pikipiki, nilipopigiwa simu na mama mdogo. Alikuwa mgonjwa kwa muda wa miezi mitatu, na sauti yake ilikuwa ya chini. Hakuniomba pesa za dawa. Aliniambia: «Mwanangu, njoo. Mungu amesema juu ya mdogo wako, nasi hatujui kama tuna ruhusa ya kukataa.»

Huyo mdogo wangu ni binti yake, msichana wa miaka 19. Mwenye chumba kimoja cha sala, mtu aliyekuja kutoka upande wa machimbo ya dhahabu na ambaye watu walimwita Nabii, alikuwa ametangaza katika mkesha kwamba Bwana amemwonyesha binti huyo awe mke wake wa pili. Aliongeza kwamba ugonjwa wa mama unatokana na ukaidi wa nyumba yake. Binti akikubali, mama atapona. Akikataa, damu ya mama itakuwa juu yake.

Nilisafiri pamoja na ndugu yangu wa kiume, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Lubumbashi, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Tulifika siku ya pili jioni, tukiwa na matope hadi magotini. Asubuhi tulikwenda kumsalimu yule Nabii. Alitupokea kwa heshima, akatupa viti. Nilipomwuliza Mkristo anaoaje mke wa pili wakati wa kwanza yuko hai, hakusitasita. Alisema Ibrahimu alikuwa na Sara na Hajiri. Yakobo alizaa na wanawake wanne. Na Mungu aliyesema na hao hajawa bubu. «Leo,» alisema, «amesema nami.»

Nakiri kwamba nilikosa jibu. Nilijua kuwa amekosea, lakini kujua si sawa na kuweza kueleza. Tukiwa njiani kurudi, ndugu yangu aliniambia: «Yaya, maneno haya nimekwisha kuyasoma. Yaliandikwa Marekani mwaka 1843.»

Huko Lubumbashi alikuwa amefahamiana na wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu huwaita Wamormoni: vijana wanaotembea wawiliwawili, mashati meupe, vibao vya majina kifuani. Kanisa hilo lilitambuliwa na serikali ya nchi yetu mwaka 1986, na mwaka 2019 lilizindua hekalu lake Kinshasa. Ndugu yangu alisoma vitabu vyao karibu mwaka mzima kabla ya kurudi parokiani, na hadi leo huwataja kwa heshima. Usiku ule, karibu na taa, alinisimulia yale aliyojifunza.

Mwanzilishi wao, Joseph Smith, alitoa Kitabu cha Mormoni mwaka 1830. Kitabu hicho chenyewe, katika sehemu iitwayo Yakobo, kinawakemea vikali wanaume wanaojipatia wake wengi kwa kisingizio cha Daudi na Solomoni. Lakini kinaacha mlango mdogo wazi: isipokuwa Mungu aamuru vingine. Tarehe 12 Julai 1843, katika mji wa Nauvoo, jimbo la Illinois, Smith aliandikisha ufunuo uliopita katika mlango huo. Ndani yake wametajwa Ibrahimu, Sara na Hajiri. Ndani yake pia mke wake, Emma, anaamriwa kwa jina lake awapokee wake wengine, na anaonywa kwamba akikataa ataangamizwa. Wakati huo mumewe alikuwa amekwisha kuoa wanawake wengine, wengi wao bila Emma kujua. Kanisa hilo lenyewe lilieleza wazi mwaka 2014 kwamba makadirio ya uangalifu yanataja wake kati ya 30 na 40, na kwamba mmoja wao alikuwa hajatimiza miaka 15.

Emma alipoletewa maandishi hayo na shemeji yake, aliyakataa. Mwaka uliofuata, wanaume waliokuwa waumini wa Smith walianzisha gazeti ili kuyaweka mambo hayo hadharani. Lilitoka toleo moja tu, tarehe 7 Juni 1844. Siku tatu baadaye, Smith akiwa meya na baraza lake la mji waliamuru mtambo wa kuchapia uharibiwe. Baada ya tendo hilo alitiwa gerezani, na huko kundi la watu wenye silaha likamwua tarehe 27 Juni. Lilikuwa tendo ovu, wala hakuna Mkristo anayeweza kulisifu.

Ni haki kusimulia na yaliyofuata. Mwaka 1890, sheria za Marekani zikiwa zimewabana sana, rais wao Wilford Woodruff alitangaza kwamba ndoa za mitala zikome. Leo Mmormoni anayeoa mke wa pili hufukuzwa katika kanisa lake. Wamisionari wale wa Lubumbashi wangemkataa Nabii wetu wa Kabambare kama tunavyomkataa sisi. Basi tusiwatukane. Wala sizungumzi hapa juu ya jirani zetu Waislamu wa Kasongo, ambao wana sheria yao iliyoandikwa na inayojulikana na wote. Nazungumza juu ya mtu anayesema kwamba amri mpya imeshuka kwake peke yake, na amri hiyo inamnufaisha yeye mwenyewe.

Maana neno «Mungu amesema» peke yake halithibitishi kitu. Simon Kimbangu alihubiri Nkamba mwaka 1921, akawataka wafuasi wake waache mitala. Alifungwa miaka 30, akafia kifungoni Elisabethville. Johane Maranke alisema alisikia sauti huko Rhodesia ya Kusini mwaka 1932. Kanisa lake, lililoenea hadi Kasai na Katanga, liliruhusu mitala. Wote wawili walidai sauti ya Mungu, na sauti hizo hazikupatana. Hata mateso hayatoshi kuamua, kwa kuwa Kimbangu aliteseka na Smith aliuawa. Tupime nini basi?

Jibu la kwanza sikulitoa mimi, wala ndugu yangu msomi. Siku iliyofuata Nabii alikuja nyumbani kwa mama mdogo pamoja na wazee wake wawili. Mdogo wangu alikuwa jikoni akitwanga sombe. Aliitwa, akaja, akapiga magoti kusalimu kama tulivyofundishwa. Kisha akauliza kwa sauti ya upole: «Baba Nabii, Mungu amemwambia nini mke wako?»

Yule mtu alikaa kimya. Baadaye alisema kwamba mwanamke hufunuliwa mambo kwa njia ya mumewe. Mdogo wangu akauliza tena: «Na mimi, ambaye sina mume, mbona hakuniambia?» Hapo Nabii alikasirika, akasimama, akasema nyumba hii imejaa roho ya uasi. Wazee wake walimfuata wakiangalia chini.

Niliona basi jambo ambalo sikuwa nimeliona. Neno lake lilimpa yeye mke, na gharama yake ikalipwa na wengine: mke wa nyumbani aliyeamriwa kunyamaza, binti aliyetishwa kwa uhai wa mama yake, mgonjwa aliyeongezewa hofu juu ya maumivu. Linganisheni na nabii Natani katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Yeye pia alikwenda kusema juu ya mwanamke, lakini alimwendea mfalme aliyekuwa na wake wengi, akamkemea kwa kumnyang'anya maskini mke wake mmoja. Natani hakupata faida yoyote, na angeweza kupoteza kichwa. Na Daudi aliposikia, hakuvunja chochote, alitubu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, linatuagiza tusimwogope nabii anayesema kwa kiburi jambo ambalo Bwana hakumwagiza.

Kanisa letu linafundisha, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, kwamba hatungojei ufunuo mwingine wa hadhara kabla ya Kristo kuja katika utukufu. Mamlaka ya kufundisha hayako juu ya Neno la Mungu, bali yanalitumikia. Hata Baba Mtakatifu hawezi kuamka asubuhi na kuongeza amri. Kristo alipoulizwa juu ya ndoa, hakuleta jambo geni. Aliwarudisha wasikilizaji wake mwanzo, kwa wawili wanaokuwa mwili mmoja.

Ningependa kuishia hapa, nikiwa mshindi. Lakini jioni ile mama mdogo aliniita kitandani pake, akaniambia: «Umemshinda Nabii. Sasa niambie juu ya nyanya yako.»

Vijana, babu yangu alikuwa na wake wawili. Katika miaka ya 1950 aliomba ubatizo, akaambiwa abaki na mmoja. Alibaki na bibi mkubwa. Nyanya yangu, aliyemzaa mama yangu na mama mdogo, alirudishwa kwao ng'ambo ya mto Luama na mkeka, chungu na watoto wawili. Wazee wa ukoo walisema ndivyo Mungu anavyotaka. Hakupewa shamba. Hakuna aliyekwenda kuuliza kama watoto wanakula. Alikufa akiwa hajabatizwa, kwa sababu, kama alivyowaambia binti zake, Mungu wa mumewe alikuwa hajawahi kumsemesha.

Nilisikia uchungu, kisha aibu. Kila mtu husoma habari za Ibrahimu na wake zake. Ni wachache wanaosoma mpaka pale Hajiri anapofukuzwa na mkate na kiriba cha maji, na Mungu anasikia sauti ya mtoto chini ya kichaka. Leo sheria ya Kanisa, kanuni ya 1148, inaagiza kwamba mwanamume mwenye wake wengi akibatizwa, mahitaji ya wale wanaoachwa yatunzwe ipasavyo, kwa haki na mapendo. Katekisimu nayo, namba 2387, inasema amefungwa vikali na wajibu wa haki kwa wake zake wa zamani na watoto wake. Fundisho la mke mmoja ni kweli. Lakini babu yangu alipokea ukweli huo kama zawadi, na nyanya yangu akalipa bei yake. Huyo pia ni mtu ambaye hakuna aliyemwuliza.

Kwa hiyo nawaachia maswali mawili kwa ajili ya vikundi vyenu. Mtu akikuambia «Mungu amesema», tazama kwanza: nani anafaidika, na nani analipa? Kisha uliza swali waziwazi, mbele ya watu, na uangalie anavyolipokea. Neno la Mungu haliogopi kuulizwa. Bikira Maria alimwuliza malaika, naye hakufokewa. Maswali hayohayo tuyaulize ndani ya nyumba zetu na parokia zetu, kwa maana jina la Mungu laweza kutumiwa vibaya hata na mtu anayesema fundisho sahihi.

Mama mdogo tulimpeleka hospitali Kasongo, tukiwa pikipiki mbili. Hajapona kabisa, lakini anatembea. Mdogo wangu amerudi shuleni. Mke wa yule Nabii sikupata kuonana naye; namwombea. Mwezi wa Novemba uliopita, tulipokwenda kuwaombea marehemu wetu, tulivuka Luama kwa mara ya kwanza sisi wajukuu wote, wa bibi mkubwa na wa bibi mdogo, tukalisafisha kaburi la nyanya, tukaweka msalaba wenye jina lake.