Simu ya Shule Yetu

Mwaka jana mtoto mmoja wa bweni alishikwa na homa kali usiku wa manane. Tukaichukua simu ya shule ili tumwite baba yake, akaaye ng'ambo ya mto. Simu ikatujibu kwamba salio halitoshi. Ndani yake zilikuwamo MB nyingi za intaneti, walakini dakika za kuongea zilikuwa zimekwisha jioni ile, na baba yule ana simu ndogo ya vitufe tu. Mwenzetu mmoja alikimbia gizani mpaka kwa jirani kuazima simu. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Bali aibu ilitukaa moyoni.

Basi, wazazi walipotutolea shilingi 300,000 tununue simu janja ya kazi, hatukwenda dukani kwanza. Tuliazima laini za kampuni tatu, tukazijaribu moja moja ofisini, bwenini, na chini ya mwembe tunapopokea wageni. Ile isifiwayo sana mjini haikushika hata mwembeni. Ile tuliyoidharau ndiyo iliyosikika mpaka vitandani mwa watoto.

Dukani mwalimu wetu kijana (twampenda sana, naye atatusamehe) alivutwa na simu yenye kamera tatu. Lakini sisi twataka nini na kamera tatu? Tulitafuta betri ya mAh 5,000, kwa kuwa umeme wetu hukatika siku mbili nzima. Na nafasi ya laini mbili. Na hifadhi ya GB 64, maana picha na karatasi za mitihani huijaza simu upesi. Kisha tukabonyeza *#06#, ikaonekana namba ya tarakimu 15, tukailinganisha na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Simu bandia zilizimwa Tanzania mwezi wa Juni 2016, na mmoja wetu alikuwa nayo moja. Hata leo hajasahau bei aliyoinunulia.

Ikabaki habari ya kifurushi, nayo ilituchukua jioni mbili za kubishana. Muuzaji alitusifia kifurushi cha MB nyingi. Tukahesabu kazi zetu: ujumbe wa maneno, majina ya watoto, matokeo ya mitihani, hayo yote hayali MB nyingi. Kazi yetu kubwa ni kuwapigia wazazi, nao wametawanyika katika kampuni zote. Kwa hiyo tukachagua cha mwezi, chenye MB chache na dakika za mitandao yote. Tena tumeweka salio la shilingi 2,000 lisiloguswa na mtu, na intaneti huzimwa kila usiku isije ikalila. Mwalimu kijana hunung'unika kwamba MB hazimtoshi kutazama mpira. Ni kweli, hazitoshi.

Namba ya simu tumeiandika kwa chaki juu ya mlango wa bweni. Usiku wa kwanza tulimpigia baba yule, kujaribu tu. Alishtuka mno, akauliza kama mtoto anaumwa tena.