Mrushaji Hakuulizwa

Katika wiki ya mwisho ya mwezi wa Julai mwaka jana, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliingia ofisini akiwa na daftari la hesabu. Ndani yake hamkuwa na hesabu. Alikuwa amechora safu tatu: majina ya warushaji wa besiboli wa Marekani, klabu zao, na klabu ambazo tetesi zilisema huenda zingewachukua kabla ya wiki kwisha. Nilikuwa nimeliagiza darasa zima liandike insha juu ya jambo ambalo kila mmoja analijua kuliko mwalimu wake. Huyu alikuwa ametii agizo kikamilifu.

Wapo watakaoshangaa kusikia kwamba besiboli huchezwa hapa Uganda. Mwaka 2012 wavulana kutoka Lugazi walisafiri hadi Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League. Mwanafunzi wangu alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Habari zile alizirithi kwa kaka yake, pamoja na glavu iliyochakaa.

Alinifundisha kwa subira. Mrushaji, alisema, ndiye anayeutupa mpira kwa mpigaji, na ubora wake huamua mengi katika mchezo. Lakini mkono wake hauwezi kuifanya kazi hiyo kila siku. Kwa hiyo klabu kubwa huwa na warushaji watano hivi wa kuanza mchezo, nao hupokezana zamu, kila mmoja akipumzika siku nne au tano. Kila klabu hucheza mechi 162 kwa msimu. Mrushaji bora wa kuanza ni adimu, na mkono wake unaweza kuumia wakati wowote. Inapofika michezo ya mtoano ya mwezi wa Oktoba, yenye siku nyingi zaidi za kupumzika, klabu huweza kuwategemea watatu au wanne tu kati yao. Ndiyo sababu kila Julai thamani yao hupanda.

Sisi tuliozoea dirisha la usajili la kandanda hudhani kwamba thamani hiyo hulipwa kwa fedha. Katika besiboli aghalabu hulipwa kwa watu. Klabu yenye tamaa ya ubingwa hutoa vijana wawili au watatu ambao bado wanajifunza kazi. Klabu iliyokwisha kukata tamaa hutoa mrushaji wake. Yote lazima yakamilike kabla ya muda wa mwisho, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa saa kumi na mbili jioni ya New York, yaani saa saba usiku kwetu. Mwanafunzi alikuwa amepanga kukesha.

"Mwalimu," akaniuliza, "wewe ungemtoa nani?"

Kwake lilikuwa swali la mchezo. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa niliwahi kulijibu swali hilo, na siku hiyo haukuwa mchezo. Nilimwambia aniachie nifikiri.

Usiku ule nilisoma habari za wapenzi wa klabu ya Detroit, ambao hawajaisahau tarehe 12 Agosti 1987. Enzi hizo sheria bado ilitoa njia ya kubadilishana wachezaji hata katika mwezi wa Agosti. Detroit ilihitaji mrushaji wa kuimalizia safari ya msimu, ikamchukua Doyle Alexander wa Atlanta, aliyekuwa na umri wa miaka 36. Kwa upande wake ilimtoa kijana wa miaka 20, John Smoltz, mzaliwa wa jimbo lilelile la Michigan, ambaye alikuwa bado katika timu za madaraja ya chini. Alexander alianza mechi 11, akashinda 9, hakupoteza hata moja. Detroit ikaongoza kundi lake. Kisha katika mtoano dhidi ya Minnesota akapoteza mechi zote mbili alizoanza, na Detroit ikatolewa. Alistaafu baada ya msimu wa 1989. Smoltz aliitumikia Atlanta kwa miaka 20, akatwaa nayo ubingwa wa mwaka 1995, na mwaka 2015 akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama hesabu iliyokosewa. Mimi nilikisoma kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkuu wa idara katika shule moja ya binafsi. Watahiniwa wetu wa kidato cha nne walikuwa dhaifu katika Kiswahili, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi miwili. Shule jirani ilikuwa na mwalimu mzoefu, aliyewahi kusahihisha mitihani hiyo, naye alikuwa radhi kuja kwetu. Ila wao nao walitaka mtu wa kuziba pengo lake. Mkuu wa shule akaniita, akaniuliza ni nani katika idara yangu anayeweza kuondoka. Nilitaja jina la kijana mmoja aliyekuwa nasi kwa mwaka wa pili. Alifundisha madarasa ya chini, na wanafunzi wake walikuwa wameanza kutunga mashairi bila kuagizwa na mtu. Lakini madarasa ya chini hayakuwa na mtihani wa taifa mwaka ule.

Alipokabidhiwa barua alikuja moja kwa moja kwangu. "Mwalimu, ulikuwa unajua?"

"Umehamishwa," nikamjibu. "Haya ni mambo ya wakubwa."

Matokeo yalikuwa mazuri, nami nilipongezwa mbele ya wazazi. Mwalimu mzoefu alikaa nasi hadi mwisho wa mwaka uliofuata, akastaafu. Kikundi cha mashairi kilikufa muhula uleule alioondoka kijana.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha sarufi, nitalitazama tena lile neno nililomjibu. "Umehamishwa" limo katika kauli ya kutendwa. Kauli hiyo ina matumizi yake ya halali. Tunasema daraja limejengwa, na hakuna anayedhurika tusipomtaja mjenzi. Lakini humpa mtenda mahali pa kujificha. Kama ningesema "nimekutaja," sentensi ingekuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo angekuwa mimi. Tazameni pia neno "kubadilishana". Hiyo ni kauli ya kutendana, na wanaotendana ni klabu mbili, au wakuu wa shule mbili. Mchezaji hayumo miongoni mwao. Yeye hubadilishwa.

Aliyelikataa jambo hili waziwazi ni Curt Flood. Hakuwa mrushaji, alikuwa mlinzi wa uwanja wa nyuma wa klabu ya St. Louis, Mmarekani mweusi, aliyeitumikia klabu hiyo kwa misimu 12 na kutwaa nayo ubingwa mara mbili. Oktoba 1969 alipata habari kwamba amepelekwa Philadelphia. Wakati huo mikataba ilikuwa na kifungu kilichoiwezesha klabu kumshikilia mchezaji hata baada ya muda wa mkataba kwisha, au kumpeleka itakako. Tarehe 24 Desemba mwaka huo Flood alimwandikia barua kamishna wa ligi, akasema kwamba hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Akafungua kesi. Hakucheza msimu wote wa 1970. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimnyima ushindi, majaji watano dhidi ya watatu.

Alishindwa, lakini mlango aliokuwa akiugonga haukubaki umefungwa. Mwaka 1973 wachezaji walipata kanuni mpya: aliyecheza miaka 10 katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja, hawezi kubadilishwa bila ridhaa yake. Kisha warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, waliingia msimu wa 1975 bila kutia saini mikataba mipya, na mwishoni mwa mwaka huo msuluhishi akaamua kwamba klabu zao hazina tena haki ya kuwashikilia.

Matunda ya kanuni ile yalionekana Detroit hiyohiyo, miaka 30 baada ya Smoltz kuondoka. Mwaka 2017 klabu ya Houston ilimtaka mrushaji Justin Verlander, aliyekuwa Detroit tangu 2005. Safari hii klabu mbili kuelewana hakukutosha. Ilibidi aulizwe. Usiku wa tarehe 31 Agosti, muda ukiwa unayoyoma, alikubali. Alianza mechi tano zilizobakia za msimu, akashinda zote tano, na Houston ikawa bingwa. Ubingwa huo baadaye ulitiwa doa na kashfa ya kuiba ishara za wapinzani, jambo lililowahusu wapigaji. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba kumsikiliza mrushaji kuliipunguzia klabu ushindi.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la mwanafunzi wangu. Thamani inayopangwa siku ya mwisho hupima haja ya anayetaka na uchache wa muda alionao. Anayetakiwa haijui, na mara nyingi haimhusu. Klabu haiwezi kuendeshwa bila maamuzi magumu, wala shule, wala wilaya. Tunachoweza kumpa kila mtu, kabla ya uamuzi kuandikwa, ni nafasi ya kusema. Raia huanza kuijua haki hiyo darasani na kazini, kabla hajafika mahakamani.

Siku iliyofuata mwanafunzi alirudi akisinzia. Alikuwa amekesha kweli. Nilimwomba achore safu ya nne katika daftari lake na kuiita "Je, aliulizwa?" Alitafuta kwa siku mbili. Karibu safu nzima ilijaa neno "hapana". Insha yake ilikuwa na makosa ya upatanisho wa ngeli katika aya ya pili, nami nikampa alama za juu hata hivyo.

Jioni ya siku hiyo nilitafuta namba ya simu ya yule mwalimu kijana, ambaye sasa si kijana tena. Alipokea, tukasalimiana, akaniuliza habari za wanangu. Nilimwambia kwamba nilikuwa na jibu la swali aliloniuliza zamani, na kwamba ndiyo, nilikuwa najua, kwa sababu jina lake nililitaja mimi.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, ungeniuliza, huenda ningekubali."