Saa ya Kuwasha Simu

Redio ndiyo inayokula betri. Kwenye vitambuzi visivyotumia waya, kupima joto ni kazi nyepesi. Kutuma habari ndiko kunakomaliza chaji. Kwa hiyo kifaa hulala, huamka saa iliyokubaliwa, husema kwa ufupi, hulala tena.

Bibi yangu, karibu na Nanganga, hajasomea hayo. Simu yake huizima kutwa nzima, huiwasha saa moja jioni. Kuchaji ni mpaka njia panda, kwenye kibanda chenye sola. Mimi niliye Dar es Salaam nina dakika tano zangu.

Mei 2022, Ingenuity, helikopta ndogo ya sola iliyokuwa Mirihi, ilinyamaza. Vumbi na majira ya baridi viliipunguzia umeme, betri ikaisha usiku, saa yake ikapotea. Ikawa inaamka wakati asiopo wa kuisikiliza. Wahandisi wakaliagiza gari la Perseverance, lenye umeme wa nyuklia, litege sikio karibu siku nzima. Mei 5 ikasikika.

Mvua za Januari zilipofunika jua, bibi hakupatikana siku tatu. Ya nne sikungoja jioni. Nilipiga asubuhi, nikapiga mchana. Saa tisa ikaita.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Mbona saa hizi? Ndiyo kwanza naitoa kibandani, utanimalizia chaji.”

Akakata. Nilicheka peke yangu. Mwenye chaji kidogo ana haki ya kulala. Kukesha ni kazi yetu tulio na umeme ukutani.